Helmeti Kwanza, Gongo Baadaye

"Hapa hakuna bola wa kasi, helmeti ya nini?" Maneno haya si mageni katika klabu za kriketi ya ridhaa, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, na mara nyingi anayeyatamka ni mchezaji wa siku nyingi ambaye vijana wanamsikiliza. Anasema helmeti iliwekwa kwa ajili ya wanaorushiwa mipira ya kilomita 145 kwa saa. Sisi wa Jumapili tunarushiana ya 100 au 110, na nusu ya warushaji wetu ni wa spini. Mimi nafundisha watu wazima wa ridhaa kupiga kriketi, na hoja hiyo naipinga waziwazi. Mchezaji wa ridhaa anaihitaji helmeti pengine kuliko hata mchezaji wa kulipwa, na sababu kubwa haitokani na kasi ya mrushaji.

Tuanze na mpira wenyewe. Ndani una koki iliyozungushiwa uzi ikakazwa sawasawa, nje umevikwa ngozi, na mshono wake umeinuka. Uzito wake ni kati ya gramu 156 na 163. Kutoka mstari wa mrushaji hadi mstari wa mpigaji ni mita 17.7 hivi, na mpira wa kilomita 110 kwa saa huumaliza umbali huo kwa takriban sekunde 0.6. Katika muda huo, jicho na ubongo huchukua kama sekunde 0.2 kabla mwili haujaanza hata kusogea. Mchezaji wa kulipwa huufidia muda huo kwa mazoezi ya kila siku: anausoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujaachiwa. Wa ridhaa ametoka kazini Ijumaa, Jumamosi amehudhuria harusi, Jumapili saa tatu asubuhi yuko mbele ya wiketi bila kugusa gongo tangu wiki iliyopita. Pengine ana miaka 47 na miwani ameiacha kwenye gari.

Na uwanja nao una yake. Mechi za kimataifa huchezwa kwenye pichi iliyokatwa, ikamwagiliwa na kushindiliwa kwa roli siku kadhaa. Viwanja vingi vya klabu havina huduma ya namna hiyo. Penye mkeka uliotandikwa juu ya zege, mpira huruka juu zaidi kuliko kwenye nyasi, na mkeka ukilegea au ukikunjamana, mipira miwili iliyogonga mahali pamoja hufanya mambo mawili tofauti. Penye udongo uliopasuka ni hivyohivyo. Ongeza kwamba mara nyingi nyuma ya mrushaji hakuna pazia kubwa la kumsaidia mpigaji kuuona mpira. Kuna miti, magari na ukuta uliopakwa chokaa. Mpira wa kilomita 105 unaoruka ghafla kutoka kwenye mkunjo wa mkeka ni hatari kuliko wa 135 uliotabirika.

Lakini kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya yote hayo. Mtazame mpigaji anayepiga swipu dhidi ya mrushaji wa spini. Anapiga goti moja, anainamisha kichwa, uso wake unakuwa karibu kabisa na njia ya mpira, kisha anazungusha gongo kwa upana. Mpira ukigusa ukingo wa juu wa gongo badala ya uso wake, unapanda moja kwa moja kuelekea shavuni au jichoni, na umbali kutoka gongo hadi uso haufiki mita moja. Hata kama mpira huo ulikuwa wa kilomita 75 tu kwa saa, unaimaliza mita hiyo kwa karibu sekunde 0.05. Nimesema jicho na ubongo vinahitaji sekunde 0.2. Hakuna kocha, hakuna kipaji wala uzoefu wa miaka 30 unaoweza kuziba pengo hilo. Mpigaji hajachelewa kukwepa, kukwepa hakuwezekani. Na ni nani hukosea swipu mara nyingi zaidi, bingwa wa taifa au sisi? Ndiyo maana wale wanaoivua helmeti bola wa spini anapoingia, wakishusha pumzi kana kwamba hatari imepita, huwa nawaomba waivae tena.

Kriketi ilijifunza somo hili polepole, na miongoni mwa waliolipia walikuwemo wapigaji dhaifu. Februari 1975, mjini Auckland, New Zealand ilikuwa ikicheza na Uingereza na mpigaji wa mwisho alikuwa Ewen Chatfield, mrushaji aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa. Kupiga haikuwa kazi yake. Mpira mfupi wa Peter Lever uliruka, ukagusa glavu yake, kisha ukampiga kwenye panja. Alianguka na moyo wake ukasimama. Aliyemwokoa ni Bernard Thomas, tabibu wa viungo wa Uingereza, aliyekimbia uwanjani, akampulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua hadi akazinduka. Lever alikuwa akilia, akidhani ameua mtu. Chatfield alipona na akaendelea hadi kucheza mechi 43 za Test. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba mpira ulimfikia baada ya kupita kwenye glavu. Mtu aliyezoea kupiga pengine angeuacha upite. Yeye alijaribu kujikinga, na kinga yenyewe ikaugeuza mpira uelekee kichwani.

Miaka miwili baadaye Dennis Amiss wa Uingereza alianza kuvaa kofia ngumu iliyofanana na ya pikipiki katika mashindano yaliyoandaliwa na tajiri Kerry Packer kule Australia, na Machi 1978 Graham Yallop wa Australia akawa wa kwanza kuvaa helmeti katika mechi ya Test, mjini Bridgetown. Watazamaji walimzomea. Zomeazomea hiyo bado inaishi kwa sura nyingine katika klabu zetu, kila anapotajwa Viv Richards wa West Indies, ambaye hakuvaa helmeti maisha yake yote ya uchezaji. Ni kweli hakuvaa. Lakini Richards alikuwa na macho na miguu ambayo dunia imeiona kwa watu wachache sana. Anayechukua uamuzi wa Richards achukue na kipaji chake.

Leo wakubwa wenyewe hawaachiwi hiari. Tangu Juni 2023, baraza la kriketi la dunia, ICC, linamlazimisha kuvaa helmeti kila mpigaji anayemkabili mrushaji wa kasi katika mechi za kimataifa, pamoja na mlinda wiketi anayesimama karibu na vijiti na mdakaji aliye karibu mbele ya mpigaji. Wanaoijua kazi yao kuliko wote wanalazimishwa, na anayeijua kidogo anaachiwa aamue mwenyewe.

Sasa, helmeti inafanya nini hasa? Mdakaji mzuri akidaka mpira mkali, mikono yake hurudi nyuma pamoja na mpira ili usimuumize. Sponji iliyo ndani ya helmeti hufanya kazi hiyohiyo: inabonyea, inaurefusha muda ambao kichwa kinapokea pigo, na nguvu inayofika kwenye fuvu inapungua. Gamba la nje linalitawanya pigo ili lisiishie mahali pamoja. Wavu wa chuma unaukinga uso. Kinachobaki bila kinga kamili ni ubongo wenyewe, kwa sababu kichwa kikitikiswa kwa nguvu, ubongo nao hutikisika ndani ya fuvu hata kama fuvu halikupasuka. Kwa hiyo aliyepigwa kichwani akiwa na helmeti atoke uwanjani. Kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau matokeo ya mechi, kuumizwa na mwanga: hata dalili moja ikionekana, asirudi kupiga siku hiyo na apelekwe kwa daktari. Dalili zinaweza kuchelewa hadi kesho yake.

Shingo nayo ilisahauliwa muda mrefu. Phillip Hughes wa Australia alikuwa na helmeti tarehe 25 Novemba 2014, mjini Sydney, mpira mfupi ulipompiga upande wa shingo chini ya sikio, ukachana mshipa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 25. Baada yake zikatengenezwa kinga za shingo zinazobandikwa nyuma ya helmeti, na tangu Oktoba 2023 Australia inawalazimisha wachezaji wake wa kulipwa kuzitumia dhidi ya warushaji wa kasi. Oktoba 2025, mjini Melbourne, kijana wa miaka 17 alipigwa shingoni akifanya mazoezi kwenye neti, akafariki. Alikuwa wa ridhaa. Helmeti alikuwa nayo, kinga ya shingo hakuwa nayo. Wengi wetu hatuvai chochote kwenye neti, tukisema ni mazoezi tu, ilhali huko ndiko tunakopokea mipira mingi zaidi.

Chungulia begi la vifaa la klabu ya kawaida. Chini kabisa, chini ya pedi zenye unyevu, kuna helmeti moja au mbili za watu wote. Sponji ya ndani imekauka na kubanduka upande mmoja. Mkanda wa kidevu umefungwa fundo kwa sababu kifungo kilivunjika. Skrubu moja ya wavu haipo, hivyo wavu unashuka mtu akiubonyeza kwa kidole. Mtu akiivaa hiyo anakuwa amebeba uzito tu. Agosti 2014, Stuart Broad wa Uingereza alivunjika pua mjini Manchester mpira ulipopenya kati ya ukingo wa mbele wa helmeti na wavu, na yeye alikuwa na kifaa cha daraja la kimataifa. Nafasi hiyo lazima iwe ndogo kuliko mpira. Helmeti nzuri ina lebo ya kiwango cha Uingereza, BS 7928:2013, kinachopima jambo hilo waziwazi. Na hapa wazazi wasikie: mpira wa watoto ni mdogo kuliko wa wakubwa, kwa hiyo helmeti ya baba inaweza kuupitisha mpira wa mwana. Mtoto anunuliwe yake.

Vaa helmeti kisha tikisa kichwa, isicheze. Ukingo wa mbele ukae juu kidogo ya nyusi, usipande kwenye paji la uso. Ikishapigwa pigo kubwa, ibadilishwe hata kama haina ufa, maana sponji iliyokwisha kubonyea sana hairudi kama ilivyokuwa. Helmeti ya bodaboda haifai hapa: ile ya uso wazi inauacha uso wote bila wavu, na ile iliyofunika kila mahali inakunyima kuona pembeni na kusikia mwenzako anapoita mbio.

Joto ni pingamizi la haki. Saa nane mchana Mombasa au Dar, kichwa ndani ya helmeti kinachemka. Ivue kila ova inapoisha, kunywa maji, weka kitambaa cha pamba ndani. Kama ni mpira wa tenisi uliozungushiwa selotepu, ule wa uchochoroni, basi sina ugomvi na kichwa wazi. Niongeleacho ni mpira wa ngozi.

Na helmeti si ya mpigaji peke yake. Februari 1998, katika mechi ya klabu mjini Dhaka, Raman Lamba wa India alisogezwa akadake karibu kabisa na mpigaji. Aliulizwa kama anataka helmeti. Alijibu kwamba imebaki mipira mitatu tu ova iishe. Mpira uliopigwa ulimgonga kichwani, na siku chache baadaye akafariki, akiwa na miaka 38.

Kwenu viongozi wa klabu: msimu huu, kabla ya jezi mpya na kabla ya kikombe, nunueni helmeti za saizi tatu zenye kinga ya shingo, na mwamuzi apewe idhini ya kutoanza ova mpaka anayepiga awe amevaa. Na wewe unayejinunulia vifaa vyako, anza na helmeti. Gongo unaweza kuazima la mwenzako.