Gari la jina la Uingereza, lililozaliwa China

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu baada ya Alasiri, sauti imejaa furaha. Amepata gari. Ni MG ZS, lile dogo lililoinuka kidogo kama mdogo wake Prado, na muuzaji wa yadi moja hapa Mombasa amemhakikishia kwamba "hili ni la Uingereza, limetengenezwa kule kwa viwango vya kule." Pesa zenyewe ni za kiinua mgongo, hazina nduguye. Akaniomba niende naye kulitazama, kwa kuwa zamani nilisomea diploma ya mambo ya magari, ingawa leo kalamu ndiyo inayonilisha.

Tulipofika niliinama kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele, nikasoma namba ya chesi. Ilianza na LSJ. Nikamwambia, "Shemeji, hili limezaliwa China." Uso ukambadilika. Muuzaji naye akaja juu: "Bosi, karatasi si hizi hapa? Limetoka Uingereza!"

Karatasi zilikuwa za kweli. Gari lilisajiliwa na kuendeshwa Uingereza. Lakini kutoka Uingereza si kutengenezwa Uingereza, na wengi wetu tunalipia tofauti hiyo bila kujua.

MG ni jina la Kiingereza kwelikweli. Lilianzia Oxford miaka ya 1920, kutokana na Morris Garages. Mwaka 2005 kampuni ya MG Rover ilifilisika, mali yake ikanunuliwa na Nanjing Automobile ya China, ambayo nayo ikamezwa na SAIC ya Shanghai. Kiwanda cha Longbridge, Birmingham, kiliendelea kuunganisha magari machache mpaka 2016, kikaacha. ZS hii tunayoiona barabarani ilionyeshwa mara ya kwanza Guangzhou, Novemba 2016. Kinachochanganya zaidi ni kuwa ipo ZS nyingine, saluni iliyotengenezwa Longbridge kati ya 2001 na 2005. Majina ni mamoja, gari mbali.

Hii mpya hutengenezwa China, na pia Chonburi kule Thailand. India, kiwanda cha Halol katika jimbo la Gujarat hutoa ndugu yake anayeuzwa kwa jina la Astor. Kwa hiyo ukiulizwa ZS hutengenezwa wapi, jibu la haki ni: ipi?

Namba ya chesi ndiyo itakayokujibu. Ina herufi na tarakimu 17. Herufi ya kwanza, au mbili za kwanza, huonyesha eneo na nchi: L ni China, J ni Japani, W ni Ujerumani, MA hadi ME ni India, ML hadi MR ni Thailand, SA hadi SM ni Uingereza. Ya kumi kwa kawaida huonyesha mwaka wa modeli: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye mwili wa gari na ile ya kwenye karatasi. Zote tatu ziwe moja. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ndiyo yenye namba fupi, kwa hiyo usishtuke ukikutana nayo.

Sasa viwango. Hapa ndipo shemeji aliponiuliza swali la maana: "Basi kama ni la China, si ni feki?"

Hapana. Gari hufuata sheria za nchi linakokwenda kuuzwa. Linalouzwa ndani ya China lazima lipate cheti cha CCC. Linalopelekwa Ulaya lazima lipite kanuni za Ulaya, ambazo nyingi zimetokana na kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoandaliwa Geneva. Tazama vioo na taa: utaona herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa idhini. E11 ni Uingereza, E4 ni Uholanzi. Namba hiyo haisemi kifaa kilitengenezwa wapi, inasema kiliidhinishwa wapi. Kiwanda kimoja chaweza kutoa magari mawili yanayofanana kwa sura, moja likawa na mifuko ya hewa sita na jingine miwili, kwa sababu yanakwenda masoko tofauti.

Nyota ni jambo jingine. Euro NCAP, wanaoyagongesha magari kwa majaribio, waliipa ZS ya petroli nyota 3 mwaka 2017. Mwaka 2019 ZS ya umeme ilipata nyota 5. Sura karibu ile ile, lakini ya umeme ilikuja na vifaa zaidi vya usalama, zikiwemo breki zinazojifunga zenyewe dereva akichelewa. Basi mtu akikwambia "ZS ina nyota tano", muulize ya mwaka gani, na ya mafuta au ya umeme.

Kwetu Kenya, kiwango cha KS 1515 kinataka mtumba uwe na usukani wa kulia, umri usiozidi miaka 8, na uwe umekaguliwa kabla ya kupakiwa. Ukaguzi huo unaangalia uzima wa gari. Hauhesabu nyota.

Tulirudi na fundi siku ya pili. Gari lilikuwa zima, alama za E zipo, mifuko ya hewa ipo. Shemeji akamwambia muuzaji, "Nitalinunua, lakini kwa bei ya gari la China lililotumika Uingereza." Walivutana hadi adhana ya Magharibi, bei ikashuka.

Analiendesha sasa, na halimwonei haya. Uchina wake haukuwa kasoro hata siku moja. Kasoro ilikuwa ule uongo wa pale yadini, ambao angeulipia kwa jasho la miaka yake yote ya kazi. Nawe kabla ya kutoa arubuni, inama usome namba.