KABLA YA KUINUA GARI KUUKUU, PIGENI HESABU



Masika yakija, njia za mashambani huharibika. Matairi huchimba pande mbili, na katikati hubaki tuta. Pikapu ya kikundi chetu ni kuukuu. Kila safari tulisikia tumbo lake likikwaruza. Watu wakasema, "Tuiinue tu!" Fundi akatutajia bei ya springi, tukaanza kuchanga pesa. Ndipo mtunza fedha wetu akauliza, "Je, hizo springi ndiyo gharama yote?" Hakuna aliyejua. Basi tukasimamisha mchango, tukaanza kujifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Tazameni kinachogonga

Ingieni chini ya gari mtafute mikwaruzo. Gari lenyewe litawaambia. Ikiwa kinachogonga ni tangi la mafuta, bomba la moshi au bampa, kuinua springi kutasaidia. Lakini ikiwa ni difu, ile nundu ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma, springi hazitasaidia. Kwa nini? Springi huinua bodi tu. Ekseli inabaki pale pale, maana inabebwa na matairi. Tairi lililozidi la zamani kwa sentimeta 5 za urefu huinua difu sentimeta 2 na nusu tu.

2. Pimeni

Egesheni gari mahali tambarare bila mzigo. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andikeni vipimo vyote vinne. Sisi tulikuta upande wa kushoto nyuma umeshuka sentimeta 4 kuliko wa kulia. Kumbe jani moja la springi limevunjika! Gari letu halikuwa fupi. Lilikuwa gonjwa.

3. Springi haziendi peke yake

Gari likiinuliwa, vitu vingine navyo vinavutika. Mipira ya breki inaweza kuwa mifupi ikakatika. Shokapu za zamani huenda zisifike. Bolti zenye umbo la herufi U, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zinunuliwe mpya, kwa sababu zilizokwisha kukazwa zimevutika. Pikapu nyingine zina fimbo ya breki ya nyuma inayopima mzigo. Isiporekebishwa, breki za nyuma zitapungua nguvu. Tena, gari refu hupinduka upesi, hasa likipakiwa mzigo juu. Kwa hiyo tulikubaliana tusizidi sentimeta 5.

4. Andikeni bajeti

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tazameni mfano huu. Bei ni za kujifunzia tu. Bei za kwenu ziulizeni katika maduka mawili au matatu.

Kutengeneza springi 4 na kuongeza jani: 4 × 50,000 = Sh. 200,000
Bolti za U 8: 8 × 10,000 = Sh. 80,000
Bushi za springi: Sh. 60,000
Shokapu 4: 4 × 90,000 = Sh. 360,000
Mipira ya breki 3: 3 × 20,000 = Sh. 60,000
Ufundi: Sh. 110,000
Kunyoosha magurudumu: Sh. 30,000
Jumla: Sh. 900,000

Msiishie hapo. Bolti za gari kuukuu zina kutu. Nyingine zitakatika, na kitu kibovu kitaonekana. Ongezeni akiba, fungu moja kwa kila mafungu matano: 900,000 ÷ 5 = 180,000. Jumla kuu ni Sh. 1,080,000. Mkiweka Sh. 90,000 kila mwezi, mtatimiza kwa miezi 12. Mnaona? Springi zenyewe hazifiki hata robo ya pesa zote!

5. Pangeni kazi

Kwanza tengenezeni vilivyovunjika na breki. Hayo hayangoji. Kisha ulizeni kampuni ya bima na askari wa usalama barabarani kama kuinua kunakubaliwa. Vifaa vya kuinua vikusanyeni vyote ndipo fundi aanze. Msifunge springi leo, mkasubiri mipira ya breki mwakani. Mtakuwa mmenunua ajali. Kazi ikiisha, baada ya safari chache rudini kwa fundi akaze bolti zile tena.

Sisi tumeamua hivi: tumebadili lile jani lililovunjika na bushi zake. Gari limepanda, wala tangi halikwaruzi kama zamani. Tutalipima masika haya. Pesa za kuinua tunaendelea kuziweka, na daftari linasomwa kila mkutano. Tukiona hakuna haja ya kuinua, pesa zitanunua matairi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini springi haziinui difu?
2. Bajeti yenu ikiwa Sh. 600,000, akiba itakuwa shilingi ngapi?
3. Nani anatunza daftari la gari lenu, na nani hulikagua?