Kambi, Kamera na Hesabu ya Wanyamapori

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye eneo la kilomita za mraba 14,763, hutembelewa kila mwaka na wageni wengi wenye kamera. Baadhi yao hulala katika viwanja vya kambi vya Seronera, katikati ya hifadhi, mahali ambapo hakuna ua unaotenga mahema na mbuga. Usiku husikia ngurumo za simba na sauti za fisi. Asubuhi na mapema hutoka kutafuta wanyama kabla jua halijapanda. Picha zinazopatikana aghalabu huwa nzuri, lakini nyingi huishia kuwa mapambo ya ukutani, ilhali zingeweza kuwa ushahidi wa kisayansi. Tofauti kati ya pambo na ushahidi haitokani na bei ya kamera. Hutokana na mambo mawili: maelezo yanayoandikwa pamoja na picha, na mwenendo wa mpiga picha mbele ya mnyama.

Alama zisizofutika

Kwa mtazamo wa haraka, simba majike wawili wa rika moja hufanana kabisa. Mwaka 1970 watafiti wawili, Pennycuick na Rudnai, walieleza njia ya kuwatofautisha iliyotokana na uchunguzi wa simba katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kila upande wa mdomo wa simba una safu za vidoa vyeusi, mahali masharubu yanapoota. Safu ya juu kabisa huwa na vidoa vichache tu, na nafasi ya kila kidoa hulinganishwa na vidoa vya safu iliyo chini yake. Mpangilio huo haubadiliki katika maisha ya mnyama, na upande wa kulia haulazimiki kufanana na wa kushoto.

Hapa ndipo umuhimu wa kupiga picha pande zote mbili unapoonekana. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba upande mmoja unaweza kuwa na mipangilio 50 iliyo tofauti, basi pande mbili kwa pamoja zaweza kutoa 50 mara 50, yaani mipangilio 2,500. Uwezekano wa kumchanganya simba mmoja na mwingine hupungua sana.

Wanyama wengine nao wana alama zao. Twiga hutambuliwa kwa mabaka ya ngozi, pundamilia kwa milia, na duma kwa madoa ya mwilini na pete za mkiani. Tembo hutambuliwa kwa mipasuko ya kingo za masikio na umbo la pembe. Njia hiyo ndiyo aliyoitumia Iain Douglas-Hamilton alipowachunguza tembo wa Ziwa Manyara katika miaka ya 1960. Hata hivyo, sikio huweza kuchanika tena na pembe kuvunjika. Kwa hiyo kumbukumbu za tembo hazina budi kufanywa upya mara kwa mara.

Kutoka picha hadi idadi

Mnyama mmoja mmoja akishajulikana, picha huweza kujibu swali ambalo macho peke yake hayawezi kulijibu: je, wako wangapi kwa jumla? Tuchukue mfano wa wanafunzi waliopiga kambi kando ya hifadhi yenye twiga. Siku ya kwanza wanapiga picha za twiga 20 wanaotofautiana. Siku chache baadaye wanapita njia zile zile na kupiga picha za twiga 25. Wakilinganisha mabaka, wanakuta kwamba 10 kati ya hao 25 walikwisha kuonekana siku ya kwanza.

Ikiwa twiga 10 kati ya 25, yaani sehemu mbili kwa tano, ni wale wa siku ya kwanza, basi wale 20 wa siku ya kwanza nao ni kama sehemu mbili kwa tano ya twiga wote. Idadi inayokadiriwa ni 20 mara 25, kugawanya kwa 10, yaani twiga 50. Hesabu hii ni rahisi, lakini ina masharti yake. Twiga wasiwe wamehama au kuhamia kwa wingi kati ya siku hizo mbili, na kila twiga awe na nafasi ile ile ya kuonekana mara zote mbili.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kwa urahisi na mpiga picha mwenye pupa. Twiga waliofukuzwa na gari siku ya kwanza watajificha siku ya pili. Badala ya 10, huenda wakaonekana tena 5 tu kati ya 25, na jibu litakuwa twiga 100. Hifadhi itaonekana kuwa na twiga mara mbili ya wale waliopo. Hivyo basi, kumsumbua mnyama ni kosa mara mbili: humdhuru mnyama, na huharibu ukweli wa hesabu.

Macho yasiyo na mtu

Njia mojawapo ya kupunguza usumbufu ni kumwondoa mtu kabisa. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Kila kamera ilikuwa na chombo kinachohisi joto na mwendo, na ilijipiga yenyewe mnyama alipopita mbele yake. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimepatikana seti za picha milioni 1.2, nyingi zikionyesha nyasi tu zilizotikiswa na upepo. Watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 kutoka nchi mbalimbali walizipitia kwa njia ya kompyuta na kutaja wanyama walioonekana. Kila picha ilipitiwa na watu kadhaa, na majibu yao yakalinganishwa. Yalipopimwa na wataalamu, majibu yaliyokubaliwa kwa pamoja yalikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Watu wa kawaida wanaofuata utaratibu mmoja waweza kuifanyia sayansi kazi ya kuaminika.

Mwenendo wa kambini na njiani

Mwanafunzi anayebeba kamera yake mwenyewe hana budi kuelewa kwamba lenzi ndefu ni mbadala wa kusogea karibu. Mnyama akiwa mbali, ukubwa wa sura yake ndani ya kamera huongezeka kwa kadiri ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 400 hutoa sura mara mbili ya ile ya milimita 200, mahali ni pale pale. Lakini lenzi ndefu hukuza pia mtikisiko wa mkono. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni kwamba kamera ya filamu ya milimita 35 yenye lenzi ya milimita 400 ifungue tundu lake kwa muda usiozidi sehemu moja ya 400 ya sekunde. Gari lizimwe injini, na lenzi ilazwe dirishani juu ya mfuko mdogo wa maharage au mchanga. Karibu na ikweta jua hupanda upesi, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi ni wa muda mfupi. Mwenye kuchelewa kambini huukosa.

Usiku, macho ya wanyama wengi hung'aa yakimulikwa, kwa sababu nyuma ya mboni yao mna utando unaorudisha mwanga. Mng'ao huo humsaidia mchunguzi kujua kwamba mnyama yupo, lakini haumpi ruhusa ya kumfuata au kummulika kwa muda mrefu. Chakula kisiwekwe hemani, kwani harufu yake huwaita fisi na nyani. Mnyama aliyezoea chakula cha watu huacha hofu yake ya kawaida, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa kwa kuwa hatari kwa watu.

Madhara ya msongamano wa magari yamepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara, nchini Kenya, uliwalinganisha majike waliokaa katika maeneo yenye watalii wengi na waliokaa katika maeneo yenye watalii wachache. Palipokuwa na watalii wachache, jike alifaulu kukuza kwa wastani watoto 2.3 katika kila uzazi hadi wakaweza kujitegemea. Palipokuwa na watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Magari hayakuonekana yakiwaua watoto. Linalofikiriwa ni kwamba mama aliyezungukwa huacha windo lake, hubadili mwendo, au hutenganishwa na watoto wake. Kwa duma, anayewinda zaidi mchana na aliye mnyonge mbele ya simba na fisi, hasara ya windo moja si jambo dogo.

Daftari la mchunguzi

Kila picha iandikiwe papo hapo tarehe, saa, mahali, aina ya mnyama, idadi ya waliokuwa pamoja, jinsia na rika kama vinatambulika, na jambo mnyama alilokuwa akilifanya. Yafaa pia kuandikwa umbali wa gari, na kama mnyama aliinua kichwa au kuondoka. Faru ni mnyama wa pekee: mahali alipopigwa picha pasitangazwe, kwani kamera na simu nyingi za leo huficha ndani ya picha alama za mahali, na majangili huweza kuzisoma.

Shule iliyo mbali na hifadhi haikosi mahali pa kujifunzia. Ng'ombe wa kijiji wenye mabaka wanatosha. Kwa idhini ya mfugaji, wanafunzi wapige picha malishoni siku mbili tofauti, walinganishe mabaka, kisha wakokotoe idadi kwa njia iliyoelezwa hapo juu. Baada ya hapo wamwulize mfugaji ana ng'ombe wangapi, na watafute sababu za tofauti kati ya jibu lake na lao.