Korido Iliyozibwa Mwisho

Hivi karibuni mwalimu mmoja mstaafu alinifuata akiwa na simu mkononi. "Injinia, nyumba yangu ndiyo hii," akasema. Mimi ni mbunifu majengo, si injinia, ila nilishaacha kusahihisha. Kwenye simu kulikuwa na ramani aliyotumiwa na mwanawe kwa WhatsApp: vyumba vinne vya kulala, kimoja masta, sebule, jiko lisilo na ukuta upande wa sebule, na paa lenye kona kumi na sita. Nikamwuliza kiwanja chake, kilichoko Kigamboni, kinatazama wapi. Akanijibu kwamba kinatazama barabara.

Wateja wangu wengi hujibu hivyo hivyo. Nyumba zetu huanza kwa kuhesabu vyumba, zikaelekezwa barabarani, na jua na upepo vikaja kujulikana siku ya kuhamia.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua hukaribia utosi mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba linaegemea kusini. Kwa hiyo kuta zinazotazama pande hizo mbili ni rahisi kuzikinga. Upenu wa sentimita 90 unatia kivuli cha mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini hata adhuhuri ya Juni, na dirisha la kawaida halihitaji zaidi ya hapo. Kazi iko magharibi. Saa 11 jioni jua limeshuka, linaingia chini ya upenu huo huo, na kivuli chake hakifiki hata nusu mita. Tofali la saruji linakunywa joto hilo, kisha linakurudishia saa tatu usiku, wakati watoto wanatafuta usingizi.

Upepo nao una ratiba yake, na wavuvi wanaijua kuliko sisi tuliosomea majengo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia karibu na Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Tazama vizuri: pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Basi jiko, vyoo na stoo vinafaa kukaa magharibi, ambako moshi na harufu vitatoka nje bila kupita kwa mtu, na kuta zake zitapokea jua la jioni kwa niaba ya vyumba vya kulala. Mwalimu jiko lake lilikuwa kona ya kusini mashariki. Angekaanga dagaa mwezi wa saba, kusi ingezifikisha habari hadi kwenye mito ya kitanda. Na kwa kuwa jiko lenyewe halikuwa na ukuta, wageni wa sebuleni wangezipata kwanza. Majiko ya namna hiyo hupendeza sana kwenye picha, labda kwa sababu aliyeyapiga picha hakumkuta mtu akipika.

Lakini kilichonikera zaidi katika ramani ile ni korido.

Wengi wetu tumekulia, au tumepanga, katika nyumba ya Kiswahili: zile za Magomeni, Ilala na Kariakoo ya zamani. Mbele baraza, kisha mlango, kisha korido inayopasua nyumba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na mwisho wake mlango wa pili unaotokea uani, kwenye jiko, choo na kamba za nguo. Tunaidharau sasa, tunaiita nyumba ya wapangaji. Ila korido yake ilikuwa na akili. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo uliingia barazani ukatokea uani, na kila chumba kilichoning'iniza pazia badala ya kufunga mlango kilipata sehemu yake. Mwanga uliingia kwa pande mbili. Watoto walicheza humo mvua ikinyesha, na bibi akaweka mkeka humo mchana wa joto.

Tulipoanza kujenga nyumba za kisasa tukaichukua korido hiyo, tukaikata mlango wa nyuma. Siku hizi inaanzia sebuleni na kuishia kwenye mlango wa masta, au, vibaya zaidi, kwenye mlango wa choo. Haina dirisha. Taa inawashwa saa sita mchana. Hewa iliyoingia asubuhi bado imo jioni.

Na ni ghali. Ya mwalimu ilikuwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9. Zidisha: mita za mraba 10.8. Chumba cha watoto kwenye ramani hiyo hiyo kilikuwa mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Alikuwa anajenga msingi, kumwaga jamvi, kuezeka, kupiga lipu na kuweka vigae kwenye chumba kikubwa kuliko cha wanawe, na asilale humo hata mtu mmoja. Tulipovikusanya vyumba karibu na sebule, korido ikabaki mita 4, na mwisho wake nikaweka mlango wa kutokea nyuma. Alipouona akacheka: "Umenirudisha Magomeni."

Kuhusu hiyo mita 3 kwa 3, jihadhari. Baadhi ya wachoraji hupima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofali la inchi 6 likipigwa lipu pande zote linakaribia sentimita 18, kwa hiyo chumba chako kinabaki na mita 2.82. Weka kitanda cha futi 6 kwa 6: pamoja na ubao wa kichwani kinachukua karibu mita 1.95. Weka kabati la kina cha sentimita 60 mbele ya miguu. Umebakiwa na sentimita 27 za kupita, na utapita kiubavu. Kwa hiyo mwambie mchoraji achore vitanda, makabati na makochi kwa vipimo vyake halisi, pamoja na upande ambao kila mlango unafungukia.

Kona za nje nazo zihesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina ukuta wa nje wa mita 44. Bonyeza upande mmoja katikati, mita 2 kwenda ndani na mita 3 kwa upana, ili ipate madaha: umepoteza mita za mraba 6 za sakafu na umeongeza mita 4 za ukuta. Juu yake fundi wa paa anaongeza bonde, na mabondeni ndiko mapaa mengi yanakovuja.

Kuna jambo ambalo ramani za mtandaoni hazilijui kabisa: sisi tunajenga kwa awamu. Boma linasubiri bati, bati linasubiri madirisha, na familia inahamia vigae havijanunuliwa. Basi ipange nyumba ili chumba kimoja, choo kimoja na jiko viweze kukamilika na kukalika kabla ya vingine, vikiwa upande mmoja, na bomba la maji likipita ukuta mmoja. Mwalimu atahamia na mkewe kwenye vyumba viwili. Viwili vilivyobaki vitangoja kiinua mgongo.

Kabla hujamwita fundi wa msingi, nenda kiwanjani saa kumi jioni ukiwa na kamba, futi, mambo na ndoo ya majivu. Chora nyumba nzima ardhini kwa ukubwa wake wa kweli, acha nafasi za milango, kisha mwite mwenzako mtembee humo: kutoka kitandani hadi chooni, kutoka jikoni hadi mezani, mgeni anapobisha hodi. Simameni palipo na sebule mwone jua linawapiga wapi na upepo unatokea wapi. Mwalimu na mkewe walifanya hivyo. Mama alisimama jikoni dakika mbili, akafuta mstari mmoja wa majivu kwa kandambili, akausogeza futi tatu. Hapo ndipo ukuta ulipojengwa.