Usukani wa Baisikeli Ulioinama na Asili Yake

Baisikeli nyeusi ya chuma iliyotoka Nottingham, ambayo wazee wa Kenya wameijua miaka mingi, humketisha mtu wima kama aketiye barazani. Usukani wake umeelekea nyuma, na breki zake huvutwa kwa vyuma vyembamba. Mwenye kuipanda aweza kumwamkia kila apitaye, akachukua gunia la mahindi nyuma yake, akafika aendako pasipo kuumwa na mgongo. Lakini iko baisikeli ya namna nyingine, ile ya mashindano, ambayo usukani wake umepindwa kwenda mbele, kisha ukainamishwa chini mfano wa pembe za kondoo dume. Mtu aionapo mara ya kwanza huuliza: Je, mwenye akili zake ajikunja hivi kwa sababu gani?

Hapo mwanzo hakuna aliyejikunja. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Mjerumani aitwaye Karl von Drais alipanda chombo chake cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, akakiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele. Usukani wao ulikuwa chuma kilichonyoka, wala haukuhitaji kuwa zaidi ya hivyo. Ila kwa kuwa chombo hicho hakikuwa na mnyororo, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo lilizunguka mara moja tu. Aliyetaka mwendo zaidi hakuwa na njia ila kulikuza gurudumu. Ndipo katika miaka ya 1870 James Starley wa Coventry, Uingereza, na wenziwe walipotengeneza zile baisikeli ndefu za ajabu, zenye gurudumu la mbele lililokaribia kimo cha mita moja na nusu, na la nyuma dogo kama la kigari cha mtoto.

Katika baisikeli hizo ndipo usukani ulipoanza kupindwa, wala si kwa ajili ya mbio. Mpandaji alikaa karibu juu ya gurudumu lenyewe, na kila goti lilipopanda liligonga chuma cha usukani. Mafundi wakakishusha pande zote mbili, kama masharubu ya mzee, ili magoti yapate nafasi. Walioteremka mlimani wengine waliitundika miguu yao juu ya usukani, maana jiwe dogo lilitosha kumrusha mtu kichwa mbele. Afadhali basi kutanguliza miguu. Kuinama sana hakukuwezekana, kwa kuwa aliyeinama alipeleka uzito wake mbele ya gurudumu, naye mara akajikuta chini.

Mambo yaligeuka mwaka 1885. John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake James, alitoa baisikeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mpandaji sasa alikaa katikati ya magurudumu mawili, akaweza kuinama apendavyo bila kupinduka. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo huko Belfast, alifanya tairi ya mpira yenye pumzi kwa ajili ya baisikeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Mwendo ukaongezeka sana, na wapandaji wakakutana na adui ambaye waendao polepole hawamjui, yaani hewa.

Atembeaye kwa miguu siku isiyo na upepo haisikii hewa. Aendaye kilometa 30 kwa saa huisikia kifuani kama mkono unaomrudisha nyuma, na sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kuipasua hewa hiyo. Tena hesabu yake ni kali: mwendo ukiwa maradufu, kizuizi cha hewa huwa mara nne, na nguvu itakiwayo kukishinda huwa mara nane. Hakuna miguu iwezayo kulipa deni la namna hiyo. Njia iliyo rahisi ni kujifanya mdogo mbele ya upepo, kifua kikalala na kichwa kikashuka, na mikono ikapata pa kushika pale chini. Aidha, akanyagaye pedali kwa nguvu hujiinua kitini, isipokuwa ana chuma cha kuvuta kwa mikono. Kwa mambo hayo mawili, katika miaka ya 1890 usukani ulioinama ulienea katika viwanja vya mashindano.

Ukaenea na mijini pia, ikawa fitina. Huko Marekani vijana walioinama na kwenda mbio barabarani walipewa jina lenye maana ya "waunguzaji". Waganga walionya kwamba migongo yao itapata kibyongo, na wakakitungia kibyongo hicho jina la Kilatini. Jambo hilo halikutukia. Lakini waliolalamika kwamba mtu aliyeinamisha kichwa haoni mbele hawakukosa haki, na mwaka 1895 polisi wa New York waliweka kikosi cha askari wa baisikeli ili kuwafukuza waunguzaji hao.

Mashindano ya safari ndefu yaliongeza sababu nyingine. Mwaka 1903 Mfaransa Henri Desgrange alianzisha mbio za kuizunguka Ufaransa, kilometa 2,428 kwa vipande sita. Walioondoka walikuwa 60, waliofika mwisho 21, na mshindi ni Maurice Garin. Mtu akaaye kitini usiku kucha na mchana hawezi kushika mahali pamoja. Usukani uliopindwa humpa mahali pa juu pa kupumzikia, mahali pa katikati pa kupandia kilima, na pa chini pa kukimbilia. Breki za waya ulio ndani ya ala yake zilipozidi kutumika, nazo zilifaa, maana waya hufuata kila pindo.

Miongoni mwa walioinama hivyo yuko mmoja ambaye Mwafrika yafaa amjue. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi, alizaliwa Indianapolis mwaka 1878. Alipokuwa kijana alicheza michezo ya baisikeli mbele ya duka, amevaa nguo za askari, watu wakamwita "Major". Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baisikeli wa Marekani kilikataza watu weusi kuwa wanachama. Taylor aliendelea vivyo hivyo. Mwaka 1897 mshindani mmoja mzungu alimshika koo baada ya mbio hata akazimia. Mwaka 1899, mjini Montreal, alishinda mbio za maili moja za ubingwa wa dunia.

Taylor alitaka kulala mbele kuliko fremu za siku zile zilivyoruhusu. Kwa hiyo alitumia kipande cha chuma kilichochomoza kutoka shingo ya baisikeli, kinachoweza kusogezwa mbele au nyuma, na usukani ulioinama ukafungwa juu yake. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya, akakataa kushindana siku ya Jumapili, na mjini Paris akakutana na bingwa Edmond Jacquelin. Mara ya kwanza Taylor alishindwa. Waliporudiana mwezi ule ule, akashinda yeye.

Fedha zake zilipotea baadaye. Alikufa Chicago mwaka 1932, akazikwa kama maskini katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 1948 waliokuwa wapanda baisikeli wa zamani, kwa fedha za mwenye kiwanda Frank Schwinn, walimhamishia kaburi lenye bamba la shaba. Kile kipande cha kufungia usukani wapenda baisikeli hukiita kwa jina lake hata leo.