Maksai, Punda na Mkokoteni: Je, Vinapatana?

Vikundi vingi vya hapa kwetu Butula vinapopata pesa ya merry-go-round au mkopo, wazo la kwanza ni mkokoteni. Ni wazo zuri. Mahindi yafike Bumala, mchanga na matofali yafike kwenye ujenzi, na kila safari iwe na malipo. Shida inaanza pale kikundi kinapomwendea fundi wa jua kali na kununua mkokoteni mkubwa kuliko yote, ati utabeba mingi. Hakuna anayeuliza, nani atauvuta?

Wanakikundi, anzeni na mnyama, halafu mje kwa mkokoteni. Mnyama anayevuta kwa saa kadhaa bila kuumia hutumia nguvu kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wetu wa kienyeji mwenye afya ana kilo 300 hivi. Jozi moja basi ni kilo 600, na nguvu yao ya kustarehe ni kama kilo 60. Wanaweza kuongeza kidogo kwa muda mfupi, lakini si safari nzima.

Sasa tupige hesabu ya njia. Mkokoteni wa chuma wenye tairi za gari unaweza kuwa na kilo 200 ukiwa mtupu. Weka magunia 6 ya mahindi ya kilo 90, jumla ni kilo 740. Kwenye murram kavu iliyo tambarare, kuuvuta kunahitaji kama kilo 30 tu, kwa hivyo maksai wanatembea wakicheua. Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 20, inafika karibu kilo 67. Hapo wanahema, mnawapumzisha juu. Lakini mvua ya Aprili ikinyesha na njia ya shambani igeuke matope, mzigo ule ule unaweza kudai kilo 110. Hiyo ni karibu mara mbili ya nguvu yao. Siku ya matope beba magunia 2, na mteja akinung'unika mwache anung'unike.

Punda je? Punda wa kilo 150 ni nusu ya maksai, kwa hivyo punda wawili wapewe mkokoteni mwepesi na magunia 3 hivi. Na tafadhali, msimfunge punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kuegemea nira. Punda hana, yeye huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa kifuani, wa turubai au gunia lililokunjwa, si kamba ya nailoni inayokata ngozi. Wala msimfunge punda na maksai pamoja, mwendo wao haulingani.

Kwa fundi, angalieni ekseli kwanza. Inueni gurudumu moja na kulizungusha kwa mkono. Likizunguka muda mrefu kimya, beringi ni nzuri. Likikwaruza, mnanunua taabu. Ekseli ya gari kuukuu ambayo bado ina difu ndani ni uzito wa bure, mwambieni aitoe. Tairi ziwe saizi moja na zijazwe upepo vizuri, maana tairi laini ni kama matope unayotembea nayo.

Halafu mizani. Pakieni mzigo, kisha mtu mmoja ainue ncha ya mti wa kuvutia. Uzito uwe kama mtungi wa maji wa lita 20. Ukizidi, shingo za maksai zitachubuka. Mti ukiruka juu wenyewe, mzigo umelala nyuma na nira itawanyonga. Sogezeni magunia. Kwa punda, ncha iwe nyepesi zaidi. (Wale wenye pickup wanaotaka kufunga trela, kanuni ni ile ile: sehemu ya kumi ya uzito wa trela, au kuzidi kidogo, ikalie ndoano ya gari, la sivyo trela inayumba barabarani.)

Breki wengi huisahau. Kuteremka kuelekea mtoni na kilo 700 nyuma, mkokoteni ndio unaosukuma wanyama. Kipande cha mbao kinachobanwa kwenye tairi kwa kamba au mkono wa chuma kinatosha, na bei yake ni ndogo kuliko maksai aliyevunjika mguu.

Tena, Busia yetu ni nchi ya mbung'o. Maksai mwenye nagana hukonda na kuchoka mapema, na watu humpiga wakidhani ni mvivu. Punda pia hupata. Akianza kubaki nyuma ya mwenzake, mwiteni mtu wa mifugo kabla ya kuchukua fimbo.

Mkishanunua, chagueni mtu mmoja wa kutia grisi na kuandika kwenye daftari idadi ya magunia ya kila safari. Dereva asiyeandika hupakia 10.