Kisu kifupi, kazi ya kina

Kapilingi, kiungo kinachozungusha pampu ya kumwagilia, ikivunjika Nakivale, mahindi hayangoji. Makazi haya ya Wilaya ya Isingiro, Uganda, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kuingia Wanyarwanda. Leo Wakongo, Warundi na Wasomali wanalima, wanachuuza na kutengeneza vitu humo, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Karakana na maduka ya vipuri ya Mbarara yako mwendo wa kilomita 60 hivi, na kila safari ina nauli yake.

Hapo ndipo mashine ndogo ya kuchongea chuma, ile ya kuwekwa mezani yenye mota isiyofika nguvu ya farasi mmoja, inapopata kazi. Kikwazo ni kina. Meno ya kapilingi ya alumini yanaweza kushuka milimita 40, ilhali kisu cha kawaida cha mashine hiyo, chenye kipenyo cha milimita 10, kina mifereji ya urefu wa 22 tu. Wengi hukimbilia kisu chenye mifereji ya 45. Mimi siafiki. Mifereji hula mwili wa kisu. Kisu kikitokeza mara mbili, hupinda mara 8 kwa nguvu ileile, na mashine nyepesi huongeza mtikisiko wake.

Toboa kwanza kwa keekee, upunguze nyama. Kisha bana kisu kifupi shina likiwa ndani kabisa, uchonge milimita 20 za juu kidogo kidogo, ukiacha ngozi ya 0.3 ukutani. Ndipo ukivute nje kwa kina kilichobaki. Hapa shina, lenye unene uleule wa makali, litasugua ukuta. Kwa hiyo hukwanguliwa mapema kwenye jiwe la kunolea, nusu milimita ya kipenyo, juu tu ya mifereji. Sehemu inayobanwa haiguswi hata kidogo.

Alumini hunata. Matone ya mafuta ya taa na brashi ni lazima, maana chenga zikirundikana shimoni huziba mifereji, na kisu huvunjika pa!

Ngozi hutolewa mwisho, kipande kikisukumwa dhidi ya mzunguko wa kisu, kwa sababu skrubu za mashine hizi zina mlegeo. Rudia njia hiyohiyo bila kuongeza kipimo: kisu kitakwangua tena kidogo, kile kilichoachwa kilipokuwa kimepinda.